Eda Nyuma ya Turubai

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nina meza ya mitumba sokoni Kibiti, na muuza mitumba hujifunza upesi kwamba mteja anayeisifia sana nguo hana nia ya kuinunua. Kwa hiyo siku niliposhuka kwenye mtumbwi huko kwetu delta, upande wa Mbuchi, nikakuta ukuta wa nyumba ya wazazi wangu umepulizwa rangi nyekundu, sikuomba hata maji ya kunywa. Nilipitiliza jikoni kutafuta kisu.

Nilikuwa nimeshafika uani ndipo nilipokumbuka kwamba jiko halipo. Mafuriko yalikuwa yamelichukua, pamoja na vinu, kuku na ukuta mzima wa nyumba unaotazama mto.

Kisu nilikipata kwa jirani. Aliponiona nikielekea ukutani akasema, "Umechelewa wewe. Sisi tumekwangua siku ileile."

Lazima nieleze. Kibiti pale, kando ya barabara ya Lindi, kila mtu anajua maana ya rangi nyekundu ukutani: mwenye nyumba aanze kufungasha. Delta hakuna barabara ya kupanuliwa, lakini watu wa delta wanapanda kuja Kibiti kila mara na macho wanayo. Tena kuna maneno ya miaka mingi kwamba iko siku tutaondolewa wote ili mikoko ipumzike. Sasa maji yalipopungua, wakaja watu kwa boti, wamevaa vizibao vya bluu, wanasalimia kwa utamu uliozidi, wanauliza kila nyumba wanalala wangapi. Wakimaliza wanachora duara jekundu na namba katikati. Nani asingeshuku? Majirani waliwajibu vizuri, wakawapa madafu, wakawapungia mikono mpaka boti likapinda kona ya mto. Halafu kila mmoja akachukua panga akaenda kukwangua ukuta wake. Waliokuwa na udongo mbichi wakaupaka juu, wakausawazisha, ukawa kama haukuguswa.

Ya kwetu ilibaki kwa sababu ndani alikuwamo mama peke yake, na mama alikuwa eda.

Baba alitutoka kabla ya masika. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hapaki wanja, hajifukizi, hatoki barazani, wanaume wasio ndugu zake wa damu hawamwoni. Tena anakaa nyumbani kwa mumewe, si kwingine. Maji yalimkuta mama katikati ya eda hiyo. Yalipoingia ndani mpaka magotini, alipanda kitandani na tasbihi yake. Shehe wa kijiji alimtumia ujumbe kwamba dini inamruhusu kutoka penye hatari. Mama akajibu kwamba hatari yenyewe bado hajaiona. Ukuta ulipoanguka, alisogeza kitanda upande wa pili, basi. Mimi nilipopata njia ya kufika mara ya kwanza, nilikuja na turubai la bluu kutoka Kibiti, nikalifunga pale palipokuwa na ukuta, ili mjane asionekane na kila apitaye mtoni.

Sasa nimesimama na kisu. Nilipoanza kukwangua, sauti yake ikatoka ndani.

"Unakwangua nini?"

"Alama."

"Chokaa hiyo alipaka baba yako kwa mkono wake. Iache."

"Mama, watakuja kuivunja nyumba!"

"Upande mmoja umeshavunjika, na wala si wao waliovunja. Acha ukuta wa watu."

Niliacha, lakini kwa hasira. Nilirudisha kisu kwa jirani, naye akanitazama kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake anazama.

Haikupita wiki, baba mdogo akaleta habari. Huyu ni mdogo wake baba, tumbo moja, na ndiye aliyekuwa akiwaendesha watu wa vizibao kwenye boti lake. Alisimama nje ya msikiti baada ya Ijumaa akatangaza kwamba zile alama zilikuwa za nyumba zitakazosaidiwa. Wenye alama watajengewa ukuta wa matofali na kuezekewa bati. Wanawake wenye alama wataingizwa kwenye kikundi, wapewe mashine ya kukoboa mpunga waiendeshe wenyewe, wajikwamue. Mimi nikasema moyoni, mashine ya kukoboa mpunga, na mpunga wote umekwenda na maji! Lakini wenzangu hawakusikia mashine. Walisikia bati.

Mtu asiyetujua angedhani wangekwenda kueleza kosa lao. Hapana. Kwetu wanawake wanasuka mikeka, na kila nyumba ina chungu cha rangi ya ukili. Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa na miduara myekundu, mingine mikubwa kuliko ungo, na namba kila mtu aliyoikumbuka au aliyoipenda. Nyumba tatu zilizopangana zilikuwa na namba moja. Bibi mmoja alichora miwili, wa pili akasema ni wa banda la mbuzi.

Watu wa vizibao waliporudi hawakucheka. Na mimi kwa mara ya kwanza niliona mtu anayeshuku kunizidi. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Dar es Salaam, mkubwa wa msafara, ana miwani na buti za mpira. Alikuwa akilowesha kidole mate anausugua mduara, ukitoka anaondoka bila neno. Alipofika kwetu alisugua, haukutoka. Akasugua tena kwa nguvu. Akanigeukia mimi.

"Huu mmeuwekea nini?"

"Huo ni wa kwenu."

"Mbona wa kwenu tu ndio uliobaki?"

Nyuma yake majirani walikuwa wamejaa, na swali lile lilikuwa lao pia. Niliyaona macho yao. Walikuwa wakijiuliza nani alituambia tusikwangue, na jibu wameshalipata: baba mdogo, mwenye boti, shemeji wa mjane. Jirani yule wa kisu ndiye aliyekuwa mbele. Hakusema kwamba siku ile nilikuwa na kisu chake mkononi, nataka kukwangua. Nilimkodolea macho aseme, akajitia kufunga kanga.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza yule mkubwa.

"Yuko eda. Hatoki."

Alivua miwani akapumua. Akaniambia kwamba kijiji walichotoka waliletewa wajane wengi, kumbe waume zao wako dago, kwenye kambi za uvuvi, wengine wameagizwa wakajifiche hukohuko mpaka boti liondoke. Tangu hapo, mjane asiyeonekana yeye hamwandiki. "Na eda, dada yangu," alisema, "nimeambiwa eda mpaka nimechoka."

Nilitamani kumrudisha kwenye boti lake. Lakini nilimtazama nikaona kwamba kama angekuwa na meza sokoni, angekuwa na meza nzuri. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, ingia umwone."

Tuliingia wawili. Wanaume walibaki nje, na baba mdogo akasimama karibu na mlango ili asikie, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Hapa niseme kwa nini. Baba aliacha mke, binti mmoja ambaye ni mimi, na ndugu mmoja wa kiume. Anayejua mirathi ameshanielewa: katika nyumba ile baba mdogo alikuwa na fungu lake, tena fungu nono. Mtu mwenye fungu ndiye aliyewaleta watu wa msaada, ndiye aliyewaonyesha nyumba, ndiye anasikiliza mlangoni. Ningekuwa mjinga kutojiuliza.

Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga kuukuu, uso mkavu. Upepo wa mto ulikuwa ukilipiga turubai nyuma yake. Yule mkubwa alimwamkia shikamoo, akamtazama, akatazama ukuta usiokuwepo, na nikaona mashaka yamemtoka usoni. Alikaa chini kwenye mkeka bila kuambiwa.

"Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa."

Akaeleza kazi yao, taratibu, kwa adabu. Akasema wao wamejifunza kwingine kwamba mjane akijengewa, ndugu wa mume humtoa. Kwa hiyo siku hizi hawajengi mpaka warithi wote waachie, na kijiji kiandike kwamba nyumba ni ya mama mwenyewe. Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu aliyeficha zawadi na sasa anaitoa.

"Mimi langu naachia. Na mrithi mwenzangu?" niliuliza, sauti ifike nje.

"Miye nimeshaachia," baba mdogo alijibu kutoka mlangoni. "Nimesema mbele ya shehe, na wanangu wamesikia. Shemeji, humu ndani sina kitu tena. Ni yako yote."

Nilishtuka. Nani anaachia nyumba namna hiyo, kwa maneno mawili, amesimama na kofia yake? Nikaanza kutafuta alichopewa. Nikawaza mafuta ya boti, nikawaza kazi ya kudumu, nikawaza labda kuna bati zaidi linakwenda kwake kwa mlango wa nyuma. Sikupata, nikazidi kushuku.

Mama hakumshukuru. Alikuwa anamtazama mgeni.

"Itakuwa yangu lini?"

"Hata leo, mama. Ukikubali tu."

"Leo miye niko eda."

"Ndiyo, lakini kuandika si lazima utoke. Tutaandika hapahapa."

"Hunisikii mwanangu. Mwenye eda anakaa nyumbani kwa mumewe. Ikiwa yangu leo, kuanzia leo miye nitakuwa nimekaa kwa nani?"

Yule mama wa miwani alinitazama mimi, kama kwamba nina ufunguo. Akasema kwa upole sana, "Lakini mzee ameshafariki, mama."

"Najua. Ndiyo maana niko humu."

Ndani turubai peke yake lilikuwa linasema.

"Andikeni jina lake basi," mama alisema. "Jengeni ukuta wake. Nikitoka, mtabadilisha."

"Marehemu hawezi kupokea msaada, mama. Hawatakubali kule ofisini."

"Basi nisubirini."

"Mradi una muda wake. Siwezi kukuahidi kwamba nitarudi."

"Sijakuomba ahadi."

Jamani, nilikasirika. Mgeni alipotoka nilimfokea mama, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Nilimwambia masika mengine yanakuja, nilimwambia anaumwa kifua, nilimwambia watu wote hawa wanalilia ukuta na yeye anaurudisha mtoni. Nilimwambia baba mwenyewe angekuwa hai angemcheka. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza? Haya, funga kamba ya turubai hapo chini, imelegea."

Wakati huo matofali ya ukuta wetu yalikuwa yameshashushwa kwenye boti. Watu wa msaada hawakutaka kuyapakia tena, na hawakutaka kuyaacha pembezoni mwa mto. Wakayaweka kwa baba mdogo, kwa vile kwake kuna mwinuko, wakasema yakae hapo mpaka iamuliwe. Mimi nikasema, hapo sasa. Hapo ndipo penyewe.

Kuanzia hapo kila nilipopata nafasi ya kuacha meza nilikuwa nashuka delta, na kabla ya kufika kwa mama napitia kwa baba mdogo. Namwamkia shikamoo, naulizia watoto, macho yako kwenye matofali. Naye anajua. Ananikaribisha chai, anakaa mkao ambao haunizibi nisione. Mara moja nikaona rundo limepungua. Nikazunguka nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta choo, nikayakuta yamepangwa chini ya magunia yake ya mpunga kidogo aliookoa, yasipate unyevu.

"Nimeazima," alisema nyuma yangu.

Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii baba yake mdogo. Nilimwambia kwamba mwenye kuazima humwomba mwenye mali, na mwenye mali yuko ndani haonekani, kwa hiyo alichofanya kina jina lake. Mkewe alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi.

Asubuhi yake aliyarudisha. Lakini hakuyarudisha kwenye rundo. Aliyachukua mojamoja kichwani, akapita nayo katikati ya kijiji, mbele ya kila baraza, mpaka kwa mama, akayapanga chini ya turubai. Watu walikuwa wanamwuliza ni nini, anawajibu, "Namrudishia mtoto wa kaka matofali yake." Aibu iliniingia mpaka kwenye nyayo. Na bado, wakati ananipita na tofali la mwisho, nilikuwa nawaza kwamba mwizi mjanja ndivyo angefanya.

Siku zile za mwisho za eda nilikaa na mama. Mvua za nje ya msimu zilikuwa zikija jioni, turubai linafura na kupwaya, na sisi tumekaa upande mkavu tunasuka. Nilimwuliza kama anadhani watarudi. Alisema hajui. Nilimwuliza, wasiporudi? Alisema atakandika udongo, kama watu wote.

"Mama, lakini unaogopa nini? Sema."

Alivuta ukili mrefu akaunganisha.

"Baba yako aliniingiza humu kwa mkono," alisema. "Tangu siku hiyo mtu akiuliza nakaa wapi, nasema kwa fulani. Sijawahi kusema vinginevyo."

Halafu akaniambia niwashe taa.

Eda ilipoisha, wanawake walikuja alfajiri wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi. Alitoka barazani akafumba macho kwa sababu ya mwanga. Majirani walikuja kumpa mkono, na yule wa kisu naye alikuja, akalia kuliko wote. Siku zikapita. Boti zilikuja, zikaondoka, hakuna kizibao cha bluu. Nilikuwa tayari na maneno yangu, nimeyapanga vizuri, ya kumwambia mama: nilikwambia.

Sikuyatumia. Yule mama wa miwani alikuja, tena mchana kweupe, na mafundi na mpiga picha. Alimwambia mama kwamba aligombana na watu ofisini mpaka wakamwongezea muda. Mimi sikuamini kwamba mtu wa ofisini anagombana kwa ajili ya mjane wa delta ambaye hata hakumshukuru. Lakini mafundi walikuwa wameshaanza kuchanganya saruji, na hilo lilikuwa linaonekana.

Kabla ya kuanza ukuta walitaka picha za video. Ni masharti ya wanaotoa, alisema, wanataka kumwona aliyesaidiwa na kumsikia. Nilijua, nikasema kimoyomoyo, nilijua kuna kitu wanataka. Walimsimamisha mama mbele ya nyumba, turubai limeshafunguliwa, kitanda kinaonekana mpaka ndani. Majirani walijaa. Baba mdogo alisimama pembeni, chini ya makuti ya baraza. Shehe alikuwapo, mwenyekiti wa kitongoji alikuwapo.

"Ni rahisi sana, mama," mpiga picha alisema. "Mimi nitakuuliza, nyumba hii ni ya nani? Wewe unajibu tu. Haya. Mama, nyumba hii ni ya nani?"

Mama aligeuka akatazama mlangoni.

"Usiogope, mama. Angalia hapa kwenye kamera. Nyumba hii ni ya nani?"

Watu walianza kunong'ona. Jirani mmoja akacheka kidogo, akidhani ni haya ya kizee. Mimi nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwenda kumwambia mpiga picha amwache mama yangu, wachukue matofali yao waende zao.

"Yangu," mama alisema.

Alikaa palepale chini, kwenye udongo, na kanga yake mpya, akalia kwa sauti. Siku ya mazishi hakulia. Maji yalipoingia hakulia, ukuta ulipoanguka hakulia. Sasa alikuwa analia kama mtu aliyeletewa habari muda uleule, na sisi sote tulisimama, hakuna aliyejua kama inafaa kumgusa. Nilikwenda nikakaa naye. Baba mdogo aligeuka akatazama mto, mabega yakimtikisika, na siku hiyo sikumtafutia sababu.

Baada ya muda mpiga picha alikuja akachutama mbele yetu. Alikuwa mpole, siwezi kumsingizia. Akasema samahani sana, wakati mama anajibu boti lilipita, sauti haikuingia vizuri. Tungemwomba arudie, neno lilelile moja.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," akamwambia, "hilo mara mbili siliwezi."